Nondo za Marehemu Kwenye Nyumba ya Lizaboni

Siku niliyoripoti kazini kwenye karakana ya ujenzi hapa Songea, kitu cha kwanza nilichopewa kushika kilikuwa muhogo mbichi. Aliyenipa alikuwa msimamizi wa nondo, Mzee Ausi, Myao wa Tunduru, mtu mfupi mwenye mikono mipana kuliko kiwiliwili chake. Nilikuwa nimevaa shati la kanisani kwa sababu mama yangu alisema kazi ya serikali haiendwi kihuni. Mzee Ausi aliliangalia lile shati, kisha akanipa muhogo alioununua getini kwa kifungua kinywa chake.

"Upinde kwenye goti," akasema.

Nikaupinda. Ukalia, ukafunguka.

"Umepasukia wapi?"

"Kwa nje, mzee."

"Na kwa ndani, pale palipogusa goti?"

"Pamejibana tu."

"Alhamdulillahi. Umeshajifunza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kutochoka." Akaumenya ule muhogo uliovunjika, akanipa kipande, tukala.

Vijana wanaoniuliza leo namna ya kuchagua nondo huwa wanataka namba. Niwaambie ni ya milimita kumi au kumi na mbili, basi waende dukani. Mimi huanza na muhogo. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, na likishakauka ukilibana halisikii maumivu. Unaweza kuliwekea mzigo wa kutisha likavumilia. Lakini ukilivuta linaachia mapema sana. Chuma kinapenda kuvutwa. Basi tunazioanisha hizo tabia mbili: tunaweka chuma pale zege litakapovutwa, tukikifunika vizuri ili maji na hewa visikifikie. Hilo ndilo zege la nondo, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Slabu, yaani lile jamvi la zege linalokuwa dari kwa wa chini na sakafu kwa wa juu, imelala juu ya kuta. Katikati haina kitu cha kuishika, kwa hiyo tumbo lake linataka kushuka. Tumbo likishuka, upande wa chini unavutwa, kama nje ya muhogo. Kwa hiyo nondo zake kuu zinakaa chini, karibu na tumbo. Sehemu inayoning'inia nje ya ukuta, kama kivuli cha zege juu ya mlango, inainama upande mwingine, na nondo zake zinakaa juu. Aliyeelewa hilo anaweza kufundishwa mengine yote.

Mzee Ausi alinifundisha hayo mengine bila kupaza sauti. Alinifundisha kukata kwa msumeno wa chuma bila kupoteza meno ya msumeno, kukunja kwenye meza yenye magingi ya chuma, na kufunga kwa waya laini mpaka fundo likae kama kifungo cha shati. Alinifundisha kutengeneza vibiskuti, vitofali vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili zisiguse mbao. "Nondo iliyogusa mbao ni mtu aliyetoka nje bila nguo," alikuwa akisema. "Mvua itampata." Alipoondoka kurudi kwao kwenye mikorosho yake, karakana nzima ilimsindikiza mpaka stendi, na mhasibu ambaye hakuwahi kushika hata waya alibeba begi lake.

Baadaye nilipelekwa Tunduru kwenye ujenzi wa nyumba za watumishi, upande wa Namasakata. Huko mkubwa wetu alikuwa Mkaguzi wa Majengo, mtu mrefu, mkimya, mwenye suruali zilizopigwa pasi hata kwenye vumbi. Kabla ya zege kumwagwa alikuwa na desturi moja: analala kifudifudi ukingoni mwa slabu na ile suruali yake, anaweka shavu kwenye mbao, anachungulia chini ya wavu wa nondo kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Akiona mwanga sawasawa kutoka upande huu mpaka ule, anainuka, anajipangusa, anasema, "Mwageni."

Siku moja alichungulia akakuta mwanga umekatika katikati. Tulikuwa tumezifunga vizuri, lakini wabeba maji walikatiza juu yake tangu asubuhi na vibiskuti vikalala. Mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, ilikuwa imeshaanza kuzunguka, saruji imeshaingia. Kila mtu alidhani atapiga kelele. Alivua viatu, akapanga mwenyewe mbao za kupitia watu juu ya magogo madogo, akawaita wale wabeba maji akina mama, akawaambia, "Mama zangu, njia yenu ni hii. Ile nyingine ni mifupa ya nyumba." Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga nondo, na mimi popote nilipopewa kazi nilipanga mbao za kupitia watu kabla ya kufunga waya wa kwanza.

Kutoka Tunduru nikahamishiwa Namtumbo, na hapo ndipo nilipomkuta mtu ambaye nimeamua kuandika haya kwa ajili yake. Alikuwa mhandisi, binti wa wakulima wa tumbaku wa huko huko Namtumbo, na umri wake ulikuwa sawa na wa mtoto wangu wa kwanza. Tulimwita Mhandisi tu. Asubuhi ya kwanza alinikuta nanyoosha nondo, akasimama, akasema, "Shikamoo, Fundi Otmari." Mkubwa wangu wa kazi ananiamkia. Nikaitikia marahaba, nikaendelea kunyoosha nondo, lakini niliisikia heshima ile mpaka jioni.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mchoro wake ulisomeka. Ukimuuliza kwa nini nondo hizi zimesogeleana hapa na kuachana pale, hakusema fuata mchoro. Alichukua kijiti akakuchorea ardhini mzigo unavyosafiri kutoka sakafuni mpaka ukutani mpaka kwenye msingi. Na ukimwambia kitu alichokuwa hajakiona, alikuwa anashukuru na kukiandika kwenye mchoro siku hiyo hiyo. Nilifanya naye kazi miaka mingi, Namtumbo na halafu Songea, na sikumsikia akisema jambo juu ya saruji ambalo hakuwa tayari kulisimamia yeye mwenyewe.

Nilipokaribia kustaafu alianza kujenga nyumba yake Lizaboni, hapa hapa Songea, kwenye kiwanja cha mteremko. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja. Juu angekaa yeye na watoto wake. Chini palikuwa pa mama yake, aliyekuwa mjane ambaye magoti yalimshinda hata kwenye ngazi tatu za kanisani. Aliniomba nimfungie nondo za slabu, siku zangu za mapumziko, nikakubali kabla hajamaliza kuomba.

Mama yake alihamia mapema kwenye banda la uani ili aione nyumba ikipanda. Nilipofika nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwenye nondo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitakuonyesha zangu."

Kesho yake lori lilikuja kutoka kijijini kwao likiwa na mzigo wa nondo. Zilikuwa za marehemu mume wake. Kila msimu wa tumbaku, alipouza, yule mzee alinunua nondo chache kabla ya kununua kitu kingine chochote, akazihifadhi kwenye bani, lile jengo la kukaushia tumbaku. Alitaka kumjengea mke wake nyumba ambayo mchwa hawataila. Akafa kabla ya kujenga. Watu walikuja mara nyingi kutaka kuzinunua, hata miaka ya njaa, na yule mama alikataa. Aliniambia hayo huku akipitisha kiganja kwenye nondo kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Mhandisi alifika jioni. Alisimama mbele ya ule mzigo kwa muda. Halafu akachuchumaa, akakwangua moja kwa kucha, na ganda la kutu likatoka kama gome la mti.

"Mama," akasema, "hizi haziwezi kuingia kwenye slabu."

"Kwa nini zisiingie? Dadi yako alizinunua ziwe juu yangu."

Dadi ndiyo baba kwa lugha ya kwetu.

"Nyingine zimeliwa, mama. Na hata zilizo nzima ni laini, za zamani. Slabu hii inataka zile zenye meno, zinazong'ang'ania zege. Ingekuwa nyumba ya mtu mwingine nisingezikubali. Sasa ni wewe utakayelala chini yake."

Mama aliingia bandani, na jioni ile hakutoka kula.

Asubuhi Mhandisi alikwenda ofisini, nami nikabaki nakata nondo mpya kwa vipimo. Mama aliniletea chai na magimbi ya kuchemsha, akaketi kwenye tofali karibu yangu. Alinitazama nikila. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu mwingine karibu.

"Baba, wewe ndiye unayefunga. Mwanangu hawezi kukusimamia kutwa. Ukizichanganya chache katikati ya zile mpya, nani atajua?"

"Mama, wewe ndiye utakayekuwa umelala chini."

"Ndiyo maana nakuomba."

Nimeombwa mengi katika kazi hii. Nimeombwa nipunguze nondo, niruke ringi zinazozifunga nondo za nguzo, nifunge moja niache moja, na wote walioniomba walikuwa wanataka kupunguza kitu. Huyu alikuwa anataka kuongeza mume wake kwenye dari. Nilimwambia tu kwamba siwezi kufunga kitu ambacho Mhandisi hakukiona, na kwamba asikate tamaa mpaka tuongee. Mhandisi aliporudi nilimwambia mama yake anaumia sana. Zaidi ya hapo sikusema.

Alikunja na kukunjua mchoro wake. "Nilikosea jana," akasema. "Niliziangalia kwa dakika chache nikazihukumu zote. Baba alizipanga miaka yote ile. Kesho tuzipime moja moja, Fundi, na mama awepo. Asiambiwe. Aone."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Tuliazima mizani ya mahindi kwa jirani, tukaleta brashi za waya, nikaichomeka meza yangu ya kukunjia ardhini. Mama aliwekewa kiti. Njia yenyewe ni nyepesi na kila anayejenga anaweza kuifuata. Kutu nyepesi, ile ya rangi ya udongo inayopaka vidole tu, haina ubaya. Kutu ya magamba ndiyo unayopaswa kuisugua mpaka ufikie chuma, halafu uangalie kama chuma chenyewe kimebonyea kama uso wa aliyeugua ndui. Unakata kipande, unakipima uzito kando ya kipande kizima cha unene na urefu huo huo. Kikiwa chepesi, kimeliwa. Mwisho unakikunja. Nondo nzima hupinda na kutulia. Iliyochoka hupasuka.

Tulianza na za chini ya mzigo, ambazo miaka yote zilikuwa zimelala karibu na udongo wenye unyevu. Nilisugua moja, magamba yakadondoka, mashimo yakaonekana. Kwenye mizani ikawa nyepesi. Nikaiingiza kwenye magingi, nikavuta, ikakatika kwa mlio mkavu na kipande kikaangukia karibu na miguu ya mama.

Aliinama kwa shida, akakiokota. Akaomba na kile kingine kilichobaki mkononi mwangu. Akaviweka viwili pamoja mapajani, pale palipovunjikia pakagusana, akaviangalia. Mhandisi alikuwa amesimama nyuma ya kiti bila kumgusa.

"Huyu amechoka," mama akasema. "Mwacheni apumzike."

Nikachukua nyingine, nayo ikakatika. Ya tatu vivyo hivyo. Kisha nikapanda juu ya mzigo nikatoa zile zilizokuwa zimewekwa juu ya boriti za bani, karibu na paa, mahali ambapo moshi na joto la tumbaku vilizifukuzia unyevu. Kutu yake ilifutika kwa kitambaa. Mizani haikuona tofauti. Nikaikunja moja mpaka ncha mbili zikataka kusalimiana, na haikuonyesha hata ufa mdogo kama unywele.

"Na huyu?" mama akauliza.

"Huyu mzima, mama."

Mhandisi alitugeuzia mgongo akatazama kidogo upande wa mlima. Aliporudi alikuwa ameshika mchoro na kalamu. Alikaa chini kwenye mchanga karibu na mama yake na kumweleza, akimwonyesha kwa kidole, na mimi nilisikiliza kama siku ya kwanza ya muhogo.

Alimwambia kwamba slabu ina nondo za aina mbili kwa kazi zake. Kuna nondo kuu, zinazokwenda kwa upande mfupi wa chumba, kwa sababu mzigo hukimbilia ukuta ulio karibu. Hizo ndizo zinazobeba, na hizo zitakuwa mpya, nene, zenye meno. Halafu kuna nondo za kugawia, zinazokatiza juu ya zile kuu kwa upande mrefu. Kazi yake ni kuzishikilia zile kuu mahali pake, kuusambaza mzigo, na kulizuia zege lisipasuke linapokauka. Kazi hiyo nondo laini zinaiweza, mradi ncha zake zikunjwe kama ndoano ili zishike, na zipangwe karibu zaidi kuliko ambavyo angepanga mpya. Alikuwa ameshapiga hesabu upya. Hakuzipa kazi iliyozidi nguvu zake, wala hakuzinyima ile zinayoiweza.

"Kwa hiyo zitakuwa juu yangu," mama akasema.

"Zitakuwa juu yako, mama. Zitalala juu ya zile mpya."

"Mpya ndizo zitakazombeba yeye."

"Ndiyo."

"Ni sawa," mama akasema. "Siku zake za mwisho mimi ndiye niliyembeba."

Nondo zilizokatika na nyingine zilizochoka hazikutupwa. Mama alitaka zichomekwe uani kwenye mstari, na akapanda mapesheni yapande juu yake. Mpaka leo zipo, ingawa kwa majani huwezi kuziona.

Siku ya kumwaga zege nililala kifudifudi ukingoni kama Mkaguzi wa Tunduru, nikaona mwanga wote. Mbao za kupitia watu zilikuwa zimepangwa tangu jana yake. Mhandisi hakukaa kivulini. Alitembea mbele ya wabeba zege akiangalia vibiskuti, akimwelekeza mwenye vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege ili lijaze kila kona, asiiguse nondo. Nilimwona mara moja amechuchumaa pale zege lilipokuwa linakaribia, ameweka viganja viwili juu ya nondo za baba yake. Alikaa hivyo mpaka zege lilipofika, akainuka, akawapisha.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mama. Hakuweza kupanda ngazi, lakini kila alfajiri alitoka bandani na fimbo yake na kuita juu, "Mmemwagilia?" Zege changa linataka maji kama mche, likikauka haraka linapasuka. Magunia tuliyolitandikia hayakuwahi kukauka, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumjibu "bado". Na fundi mmoja aliposema mirunda iliyoshikilia mbao chini inaweza kutolewa mapema ili aende kazi nyingine, mama ndiye aliyemwambia asubiri, kabla Mhandisi hajafungua mdomo.

Muda mfupi baadaye nikastaafu. Nilifanyiwa sherehe ndogo karakanani, pakatolewa soda na hotuba. Mhandisi aliposimama hakusema mengi. Alisema, "Fundi Otmari amefunga dari anayolala mama yangu chini yake," akakaa. Sijapata sifa nyingine inayolingana na hiyo, na siitafuti.

Sasa niko nyumbani. Vijana hunijia na simu zao zenye picha za nyumba za ghorofa, wananiuliza wanunue nondo gani. Nawaambia wasinunue kwanza. Waonyeshe mchoro kwa anayejua kupiga hesabu. Sakafu iliyolala moja kwa moja juu ya ardhi iliyoshindiliwa inatoshwa na wavu mwepesi wa kuzuia nyufa, kwa kuwa ardhi ndiyo inayobeba. Asikudanganye mtu ukaijaza chuma. Iliyo hewani ni habari nyingine, na wavu ule ule hauwezi kuhamishiwa huko kwa sababu tu muuzaji anao mwingi. Nawaambia waikunje nondo waone. Wengine husikiliza. Wengine wanaona mzee anasumbua, na sina kinyongo nao. Hata mimi siku ile nilijiuliza muhogo unahusiana nini na serikali.

Mama wa Mhandisi alifariki mwaka huu, usingizini, chumbani mwake. Nilifika Lizaboni mapema. Alikuwa mtu wa jumuiya na wa kijiji, kwa hiyo waliokuja walikuwa wengi, wa Songea na wa Namtumbo, na wengine wa Tunduru waliofanya kazi na binti yake, Wakristo kwa Waislamu. Mchana mvua ilishuka kwa nguvu. Maturubai ya uani yakajaa maji, watu wakaingia ndani, na chini palipojaa wakapanda juu. Walizidi kupanda, wakiwa na watoto na viti na masufuria, mpaka tukasikia miguu yao yote juu yetu, na kwaya ikaanza kuimba huko huko na kupiga hatua zake.

Watu wa kazi yetu tukiingia kwenye nyumba, yoyote ile, macho yetu huenda juu kwanza. Ni ugonjwa. Nimemwona Mhandisi akifanya hivyo kwenye hoteli, kwenye kanisa wakati wa misa, kwenye nyumba za wakubwa waliomwalika chakula. Siku ile alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya jeneza, mimi nyuma yake kidogo, na juu yetu palikuwa na mzigo ambao nyumba nyingi za mji huu hazijawahi kuuona. Mimi nilitazama juu, nikiri. Yeye alimlilia mama yake mpaka mvua ilipokatika, na hakutazama juu hata mara moja.